Joto Nyuma ya Taa

Msimu wa pamba ukifunguliwa, hewa ya Bariadi hubadilika. Nyuzi nyeupe huruka kutoka kwenye malori, zikanasa kwenye miiba ya uzio, kwenye nyaya za umeme, kwenye nywele za watoto wanaotoka shule. Jioni, vumbi na moshi vikiungana nazo, mji mzima huonekana kama kitu kinachotazamwa kupitia shuka lililoanikwa. Nimeuona hivyo kila mwaka tangu utoto, na bado kila mwaka nasimama mlangoni mwa karakana yangu nikihisi kama nimeamka ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Karakana yangu ipo Somanda, njia ya kuelekea hospitali. Ni chumba kimoja chenye kivuli cha mabati mbele yake, na bodaboda huegesha pale hata nisipotaka. Natengeneza umeme wa magari: taa, honi, alternata, nyaya zilizotafunwa na panya. Kazi nilijifunza kwa mzee mmoja fundi redio, nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili. Mwaka ule mama alimfuata baba kaburini, na wadogo zangu wakabaki wananitazama mimi. Sikuwahi kuliona lile kama uamuzi. Asubuhi niliamka, nikakoka moto, na mtoto aliyekuwa mgongoni akaendelea kuwa mgongoni.

Anayenifuata mimi ni wa kiume, na haya ninayoyaandika yanamhusu yeye. Alikua akawa dereva. Alianza na trekta la kukodi, akaja kwenye malori ya pamba, halafu mfanyabiashara mmoja wa pamba akampenda kwa utulivu wake akamkabidhi gari lake mwenyewe. Huyu bosi ana nyumba hapa Bariadi na maghala Malampaka, karibu na stesheni ya reli. Gari lake ni kubwa, jeusi, lililotumika kwanza huko Ulaya kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Lilipofika, watu walisimama kulitazama kama linavyotazamwa dume la ng'ombe lililotoka mbali. Wengi walitazama magurudumu. Mimi nilitazama taa.

Zilikuwa taa za leza. Nilikuwa nimesikia habari zake, sijawahi kuziona. Jioni moja mdogo wangu alinipitia na kunipeleka kwenye lami, nje ya mji, kiza kikiwa kinaanza tu. Alinieleza kwamba mwanga wa leza hauwaki gari likiwa limesimama wala likiwa mjini. Mpaka likimbie, mpaka barabara iwe giza, mpaka pasiwe na mtu anayekuja mbele. Nilikaa mikono ikiwa mapajani. Mwanzoni kulikuwa na taa za kawaida tu, nzuri, nyeupe. Kisha mwendo ulipofika pale ulipotakiwa, kitu kiliruka mbele yetu bila sauti. Sikuona taa ikiwaka. Niliona barabara ikiwaka yenyewe, mbali kabisa, mahali ambapo macho yangu yalikuwa yameshakata tamaa. Niliona mti ambao mchana nisingeuona kutoka pale. Niliona macho ya ng'ombe mmoja, mawili, ya kijani, yametulia kule mwisho wa dunia.

Mdogo wangu alicheka kwa furaha, akasema, "Dada, huku mbele hakuna usiku."

Nilijua siku ile kwamba amelipenda lile gari kupita kiasi. Alilifuta asubuhi na jioni. Njia ya vumbi ya kwenda maghalani ilimuumiza kama inapita kifuani mwake.

Baada ya wiki kadhaa za msimu, taa ya kulia ilianza kuchoka. Wakitoka Malampaka jioni, zote mbili ziliruka mbele vizuri. Lakini wakishapita Maswa, kwenye daraja la pili, ile ya kulia ilififia na kurudi kuwa taa ya kawaida, na alama ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Asubuhi ilikuwa nzima tena. Jioni, pale pale darajani, ilififia tena. Bosi hukaa kiti cha mbele, na ni mtu anayetambua gunia lililopungua kwa kulitazama. Siku ya kwanza aliitazama tu ile alama ya njano. Baadaye alianza kuzungumza.

"Hizi taa zilikuja pacha," alimwambia mdogo wangu. "Sasa pacha mmoja anaona, mwenzake ana mtoto wa jicho. Nani amembadilisha?"

Maneno yale nililetewa karakana asubuhi ya Ijumaa. Mdogo wangu aliegesha gari chini ya mabati, akazima, akabaki amekaa ndani. Nilimpa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, akaitikia bila kunitazama. Kisha akanieleza yote. Kuna mtu Shinyanga alimwambia bosi kwamba madereva huuza taa za namna ile, taa moja thamani yake ni ng'ombe wa kuolea, na badala yake hufunga iliyokufa. Bosi alikuwa amelala Malampaka juma zima kwenye maghala. Alichosema kwa simu ni kwamba jioni ile gari limfuate kule, taa zikiwa mbili. Zisipokuwa mbili, dereva aache ufunguo mezani na arudi Bariadi kwa namna atakayojua mwenyewe.

"Kazi siyo kitu," alisema, ingawa tulijua wote ni kitu. "Ila nikishaitwa mwizi wa taa hapa, nani atanipa gari lake? Hata bajaji sitapewa."

Halafu akaniita mayu. Huwa ananiita dada kama watu wote. Mayu, mama kwa Kisukuma, ni neno la zamani kwetu, la miaka ile alipokuwa hajui aniite dada au mama, na hulitumia akiwa anaogopa tu. Nilimwambia atoke, anywe chai, kisha anisaidie kufungua bampa.

Kabla ya kugusa chochote nilimpigia fundi mmoja wa Mwanza. Ni mtu aliyesomea magari haya mapya, na nimewahi kununua vifaa kwake. Nilimwambia ukweli kwamba taa za leza sijawahi kuzifungua. Hakunidharau, wala hakuwa na haraka. Alianza kwa kunikanya: toa betri kwanza, na kile kikasha cha leza chenyewe usikifungue hata iweje, maana miale yake ikikupata jichoni haitakupa nafasi ya pili. Kisha akaniuliza taa inafifia lini. Nilipomwambia inafifia baada ya mwendo na asubuhi inakuwa nzima, nilimsikia akivuta pumzi kwa nafuu.

"Basi hiyo haijafa," alisema. "Inapata joto. Kompyuta inaipunguza isiungue. Tazama mgongoni kwake."

Akanieleza kwa lugha ambayo nimeikumbuka mpaka leo. Taa za zamani hutupa joto mbele pamoja na mwanga, ndiyo maana kioo chake kinaunguza. Taa ya leza inapeleka mbele mwanga ulio baridi, na joto lote linabaki nyuma, kwenye kitako kidogo kisichozidi kidole gumba. Ndani mle kuna vijidude vinavyotoa miale ya buluu. Miale hiyo inapiga kipande cha rangi ya njano, kidogo kama punje ya mtama, na buluu na njano zinapokutana ndipo unapotokea ule weupe. Haya yote yanafanyika mahali padogo sana, kwa hiyo joto linasongamana. Lisipopata pa kwenda, taa inajipunguza. Ili lipate pa kwenda, nyuma kumewekwa mapezi ya alumini, vibati vyembamba vilivyopangana, na feni ndogo ya kupuliza.

Nilikata simu nikakaa kidogo kwenye kigoda. Mtu akiniambia kitu kinabeba joto mgongoni, sihitaji mchoro. Nilibeba watoto mgongoni kabla sijamaliza kurefuka. Nakumbuka mchana wa kiangazi, nikitoka kisimani, kitenge kimenibana, na yule mdogo kabisa amelala, shavu lake limegandana na uti wangu wa mgongo. Mbele yangu kulikuwa na upepo, uso wangu ulikuwa mkavu. Nyuma, kati yangu na yeye, kulikuwa na nchi nyingine ya jasho. Nilijua kwa ngozi yangu kwamba joto lile ni letu wawili na kwamba lisipotoka mmoja wetu ataugua. Nilikuwa nikifika kwenye jiwe kubwa lenye kivuli, nalegeza kitenge, na hewa inaingia. Mtoto alikuwa anashtuka kidogo, kisha anaendelea kulala. Ile hewa ya kwanza inayopita mgongoni sijawahi kuipatia jina.

Tulitoa betri. Tukafungua bampa, mdogo wangu akikusanya skrubu kwenye kopo. Taa ya kulia ilipotoka nje niliigeuza nione nyuma. Sikuona mapezi. Sikuona feni. Niliona pamba.

Haikuwa pamba iliyojiendea yenyewe na upepo. Ilikuwa imeshindiliwa kwa kidole, kwa makini, kila upenyo umejazwa, mpaka kingo zimelingana kama ukuta uliopigwa plasta vizuri. Nje ilikuwa nyekundu kwa vumbi la Malampaka. Nilichukua kibano nikavuta. Ilitoka polepole, kipande kimoja kizima, kimebeba umbo la mapezi yote, kama chanuo lililotengenezwa kwa pamba. Upande wa ndani kabisa ilikuwa imebadilika rangi kama ganda la mkate, na ilitoa harufu ya nguo iliyopigwa pasi ya mkaa kupita kiasi. Harufu ile ilinichukua mbali kwa muda mfupi, mpaka kwenye meza ya mama, sketi ya shule na maji yaliyonyunyizwa kwa vidole. Nilipotazama juu, mdogo wangu alikuwa amesimama na kopo la skrubu, hapepesi macho.

"Hiyo niliweka mimi," alisema.

Sikumuuliza kwa nini. Mtu wa mahali pengine angeuliza. Kwetu kila tundu lilizibwa kwa pamba. Mama alizibia kibuyu cha maziwa kwa pamba. Aliziba ufa wa dirisha upande wa upepo, aliziba masikio yetu wakati wa baridi, aliziba mgongo wa redio ya baba ili siafu wasiingie, na ile ile ndiyo iliyosokotwa ikawa utambi wa koroboi. Ukiishi kwenye pamba, unajifunza kwamba hakuna tundu baya ambalo pamba haiwezi kulituliza. Mdogo wangu alikuwa ameliona vumbi likiingia nyuma ya taa aliyoipenda, akafanya kile ambacho mama angefanya. Na kwa sababu taa ya kulia iko upande wake wa usukani, aliishindilia zaidi.

"Nilikuwa naizuilia vumbi," alisema.

"Umeizuia na kupumua," nilimwambia. "Kushoto je?"

"Kushoto niliweka kidogo tu."

"Kidogo tu," nilirudia, na sote wawili tukacheka, kile kicheko cha msibani kinachokuja bila ruhusa. Alikaa chini kwenye tairi akacheka mpaka akafuta macho, na mwishoni sikuwa na hakika kama bado anacheka.

Kazi yenyewe ilichukua siku nzima, na naikumbuka kama siku iliyokaa chini ya maji. Nje bodaboda zilipita, watu walisalimia, mtu mmoja alileta honi yake nikamwambia arudi kesho. Ndani ya kivuli kulikuwa na mimi na taa tu. Feni ilikuwa na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli yake kama uzi kwenye pia. Nilizikata moja moja kwa wembe. Nikaidondoshea oili ya cherehani, nikaigusisha kwenye betri, ikalalamika, ikakataa, kisha ikazunguka. Nilisafisha mapezi kwa mswaki. Pale mapezi yanapokutana na kitako cha leza kuna ute mweupe unaopitisha joto, na ute ule ulikuwa umekauka kama udongo wa bwawa lililokauka. Fundi wa Mwanza alikuwa ameniambia ukikauka hivyo joto halivuki tena, linabaki upande ule ule likiita. Nilimtuma mdogo wangu kwa kijana wa kompyuta karibu na soko, akarudi na ute mpya kwenye bomba la sindano. Niliupaka mwembamba. Ukiwa mnene nao unakuwa blanketi.

Kisha nikafanya upande wa kushoto, ambako pamba haikuwa kidogo tu.

Jua lilipoanza kuelekea chini tulifunga bampa na kurudisha betri. Taa za kawaida ziliwaka. Feni zote mbili zilizunguka, nilisikia sauti yao nilipoweka sikio kwenye boneti, sauti ndogo kama ya nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi. Lakini leza yenyewe haikuwezekana kuijaribu. Ingetaka mwendo, giza, na barabara tupu, na vitu hivyo vitatu tungevipata njiani tu, bosi akiwa amekaa kiti cha mbele.

Mdogo wangu aliniuliza vumbi litazuiwa na nini sasa. Nilikuwa nimewaza juu ya kipande cha chandarua, nikakiacha. Nilimwambia, "Acha liingie. Kila jioni wewe utalitoa." Nikampa pampu ya mkono ya baiskeli na kumwonyesha pa kupuliza. Aliichukua kama mtu anayepewa mtoto.

Aliniomba niende naye. Nilifunga karakana nikaketi kiti cha nyuma. Tulipita Maswa kukiwa bado na mwanga. Upande wa Ipililo na kwingine watu walikuwa wanachoma mabua ya pamba mashambani, kama inavyotakiwa baada ya kuvuna, na moshi ulikuwa umelala chini, mrefu, mweupe, hauna haraka. Ng'ombe walirudi nyumbani ndani yake, miguu haionekani. Njiani tulibishana kwa sauti ya chini. Yeye alitaka kunyamaza mpaka tuone taa inasemaje. Ikishikilia, bosi ataona ni mbili, yameisha, pamba itabaki siri yetu. Isiposhikilia, hapo ndipo aeleze.

Nilimwambia, "Ukisema kabla taa haijawaka, umesema mwenyewe. Ukingoja, taa ndiyo itakuwa imekusemea."

Alibadilisha gia, akatazama mbele.

Malampaka tulimkuta bosi nje ya ghala, kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini, amezungukwa na magunia. Ni mtu mnene mwenye sauti ndogo. Nilimsalimu, mwadila, akaitikia mwadila mayu, akaniuliza kama mimi ndiye fundi. Nilimwambia ndiyo, na kwamba mimi pia ni dada yake huyu. Akatikisa kichwa polepole, kama anayeongeza jambo kwenye mizani.

Mdogo wangu hakukaa. Alisimama mbele yake, mikono nyuma kama mwanafunzi, akasema taa haijabadilishwa, ni yeye aliyeiziba. Alieleza vumbi, alieleza pamba, alieleza jinsi joto lilivyokosa njia. Alieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Bosi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pamba ipi?" aliuliza.

"Ya ghalani, bosi. Ilidondoka kwenye gunia."

"Ghala langu."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa hiyo niliposema kuna mwizi," alisema bosi kwa ile sauti yake ndogo, "sikukosea sana. Nimekosea kitu kilichoibiwa."

Wapagazi wawili waliokuwa karibu waligeuza nyuso wasionekane wakicheka. Mdogo wangu alibaki vile vile. Bosi alivaa kofia yake, akainuka kwa kujisukuma magotini.

"Nimesikia maneno," alisema. "Sasa nipeleke nyumbani, nisikie na taa. Zikifika Bariadi zote mbili, sawa. Ile ya kulia ikizima darajani, wewe na pamba yako mtashuka hapo hapo."

Tuliondoka. Bosi mbele, mimi nyuma yake, na kiza kikishuka sawasawa pande zote. Kwenye njia ya vumbi tulikwenda taratibu. Tulipoingia kwenye lami na kuacha taa za Maswa nyuma, mdogo wangu alikanyaga mafuta kidogo kidogo. Niliona kisogo chake. Niliona anavyoshika usukani kwa vidole, siyo kwa viganja.

Kisha barabara ikawaka.

Ilifunguka mbele yetu, ndefu, nyeupe, na moshi wa mashamba ulikuwa umelala juu yake kwa mapande, kila pande likiingia kwenye mwanga kama chumba chenye mlango. Tulipita chumba baada ya chumba. Pembeni kulikuwa na mawe makubwa, mti, nyumba yenye mtu mlangoni, kisha giza tena. Nilijua kwamba mwanga wote ule unatoka kwenye punje mbili za njano, na nyuma ya kila punje kuna joto linalotafuta njia, na mimi ndiye niliyeifungua. Sikuweza kugusa. Nilizoea kupima joto kwa upande wa nyuma wa mkono, kwenye paji la uso la mtoto au kwenye alternata. Pale nilikuwa nimekaa na mkono wangu mapajani, haunifai kitu. Nilijikuta napumua polepole, kama vile pumzi zangu zingeweza kusaidia feni.

Daraja la kwanza tulilipita. Bosi alisogea mbele kidogo kwenye kiti chake.

Daraja la pili linatanguliwa na mteremko. Tulianza kushuka, na katikati ya mteremko mwanga ukakatika. Taa za kawaida zilibaki, ila ule mwanga mrefu ulitoweka, na barabara ikarudi fupi kama ya magari mengine. Mdogo wangu alitoa sauti ndogo kooni. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua niliona kwa nini. Ng'ambo ya daraja lori lilikuwa linakuja, taa zake mbili hafifu, za njano, zikipanda na kushuka. Gari letu lilikuwa limejizuia lenyewe lisimpofushe dereva yule.

Lori lilikuwa limejaa pamba. Lilitupita kwa kishindo, na nyuma yake likaacha nyuzi hewani, nyingi, zikizunguka na kuanguka bila kufika chini. Tulikuwa juu ya daraja, ndani ya nyuzi hizo. Na hapo, barabara ikiwa tupu tena, mwanga mrefu ulirudi. Ulirudi pande zote mbili kwa pamoja, na kila uzi wa pamba mbele yetu ukawaka peke yake, kama nyota zilizoshuka kutazama gari. Kushoto na kulia. Nilihesabu mara nyingi, ingawa ni mbili tu.

Tulitoka darajani, tukapanda kilima cha ng'ambo, tukanyoosha. Taa ya kulia haikufifia. Alama ya njano haikuwaka. Baada ya muda niliona kofia ya bosi imeinama, kisha ikaegemea kioo, na nikasikia anakoroma. Mdogo wangu alinitazama kwenye kioo cha katikati.

"Tangu taa ianze kuchoka hajawahi kulala humu," alininong'oneza. "Alikuwa anakaa macho mpaka getini."

Aliendesha kwa ulaini wa ajabu kutoka pale, kama amebeba maji yasiyofunikwa. Kuna mahali nilisinzia na mimi. Niliota, au niliona tu, watoto wadogo wamelala juu ya jiwe lenye joto na mtu akiwapepea kwa ungo, na sikuweza kujua kama mpepeaji ni mama au ni mimi. Nilipoamka kulikuwa na taa za mji, duka linafungwa, wauza chips, na bodaboda mbili zinashindana kuelekea hospitali.

Getini bosi aliamka bila kuamshwa. Alishuka, akaenda mbele ya gari, akainama kutazama taa moja, kisha nyingine, kwa karibu, mikono kiunoni. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kidogo, akakitoa. Mdogo wangu alikuwa ameshazima gari, ameushika ufunguo mkononi, amenyoosha mkono nusu, hajui aupeleke wapi.

"Kesho saa kumi na mbili," alisema bosi. "Tunaanzia Malampaka tena. Na ukipuliza hilo vumbi lako, usipulizie upande wa nguo za mke wangu."

Akaingia ndani bila kuutazama ufunguo. Mdogo wangu alibaki ameunyoosha mkono kwenye geti lililokwisha kufungwa. Halafu aliutia ufunguo mfukoni, akafungua boneti kidogo, akatoa ile pampu ya baiskeli chini ya kiti, na mimi nikamshikia simu imulike wakati anapuliza.